Mikunga wa Jada na Mvua ya Lobule

Wenzake walirudi na vyerehani. Mwaka ule wa tisini na moja, kila aliyetoka uhamishoni akaingia Koboko aliingia na kitu cha kuwafunga watu midomo: huyu baiskeli, yule redio ya kanda mbili, mwingine mashine ya kusaga aliyoileta kutoka Yei, Sudan, kipande kwa kipande. Jada, mtoto wa marehemu Sajini, alirejea kutoka Mombasa baada ya miaka kumi na miwili akiwa na gunia la chumvi, mpira wa dripu ya hospitali na kichupa cha dawa kisichozidi kidole gumba.

Dada yake Kaltumu alimwangukia shingoni akalia mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Alikuwa ameshamhesabu mfu. Alipomaliza kulia akajifuta kamasi, akafungua gunia.

"Jada, hii iko chumvi."

"Ya bahari, dada."

"Koboko hakuna chumvi?"

"Ya bahari hakuna."

Basi akaanza kulia upya, na mara hii majirani walielewa sababu.

Kaltumu mwenyewe hakuwa mtu wa machozi. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mrefu, sauti yake ile ile ya baba yake alipokuwa akipanga askari mstari. Ndoa mbili zilimshinda. Yeye husema ni yeye aliyezishinda. Vita vilipofika mwaka wa sabini na tisa, ukoo ulikimbilia Sudan, kila mtu njia yake, isipokuwa Jada aliyepotelea pwani, na ni yeye aliyemzika baba kambini kwa mikono yake. Ni yeye pia aliyerudi wa kwanza kijijini kwao Lobule, nje ya Koboko, akafyeka majani yaliyokuwa yameota mpaka chumbani, akainua kuta, akaezeka, akapanda mihogo. Hapo ndipo baba yake mdogo, Mzee Lukudu, alipotokea, akakitazama kiwanja kilichokwisha kufyekwa na mtu mwingine, akakipenda. Akapanda tumbaku mpaka karibu na mlango. Kaltumu alipomfokea, aliambiwa kwa upole wa kuudhi kwamba ardhi ni ya wanaume wa ukoo, na kwamba anaruhusiwa kukaa mle mpaka mwanaume wa nyumba apatikane, au mpaka wao waamue vingine.

Sasa mwanaume wa nyumba alikuwa amepatikana, na chumvi yake. Kaltumu alitaka jambo moja tu duniani: Jada akae. Akae, aoe, azeeke hapo hapo, ili asitokee tena mtu wa kuja kuwaonyesha wote wawili njia ya kutokea.

"Kazi gani ulikuwa nafanya huko?" alimuuliza siku ya pili, wakimenya mihogo.

"Kufuga samaki."

"Ya kuuza sokoni?"

"Wa kutazama."

Kaltumu aliweka kisu chini, akamkagua nduguye kichwani kama anayetafuta kovu. Jada akaeleza. Mombasa kulikuwa na tajiri aliyewapelekea wenye hoteli samaki ndani ya masanduku ya kioo, na yeye Jada ndiye aliyekuwa akiyaandaa maji, miaka tisa. Hakuna kazi nyingine aliyoijua. Na tayari alikuwa amepata mteja huku huku: Ambroise, Mkongo wa Ariwara aliyekuwa akijenga baa mtaa wa Oli kule Arua, bwana mnene anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Ambroise alikuja mwenyewe na pikapu yake, vioo vimelala kwenye majani ya migomba. "Mimi nataka nyoka ya mayi," alimwambia Kaltumu, huku akijipepea kwa kofia. "Mutu akikunywa bia, aone ile munyama inamuangalia. Atakunywa ingine juu ya woga."

Nyoka wa maji aliokuwa akiwasema ni mikunga, samaki warefu wasio na miguu wala aibu, wanaokaa kule mto unapoingia baharini, mahali ambapo maji si matamu wala si ya chumvi kamili. Wangeletwa kwa lori kutoka Mombasa. Baa ilikuwa bado inapigwa plasta, na vumbi la saruji linaua samaki, kwa hiyo Jada aandae kila kitu Lobule kwanza, halafu kihamie Arua, naye apewe chumba na kazi ya kudumu. Arua si mbali. Mtu anaweza kufanya kazi Arua na bado akawa mwanaume wa nyumba Lobule kila Ijumaa. Kaltumu aliona hapo kuna akili kidogo, akaruhusu sanduku la kioo likae sebuleni, juu ya kibaraza cha saruji alichokuwa akipangia sufuria zake.

Jada alishuka mtoni akachagua mawe. Alichukua siku nzima kama anayechagua mchumba. Alirudi na mawe arobaini, meusi, laini, ya ukubwa wa yai la bata, akayapanga ndani ya kioo juu ya mchanga ili mikunga wapate mapango ya kujificha. Akajaza maji, akatia chumvi yake kikombe kwa kikombe, akipima kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Akachukua tyubu ya gurudumu la gari, akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akaunganisha na ule mpira wa dripu, na mapovu yakaanza kupanda polepole kati ya mawe. Mwisho akatupia ndani mukene, wale dagaa wa ziwani, walioanza kuoza, akafunika kwa mkeka.

"Na samaki?" aliuliza Kaltumu.

"Bado. Maji mabichi."

"Maji iko mbichi?"

"Lazima yaive, dada. Wiki sita hivi. Uchafu wa samaki ni sumu kwake mwenyewe. Kuna vijidudu vinavyokula ile sumu, vinakaa juu ya mawe, havionekani. Lazima vizaliwe kwanza ndipo samaki aingie."

"Kwa hiyo wewe nafuga vijidudu."

"Kwa sasa, ndiyo."

"Wenzako nafuga mbuzi," alisema Kaltumu, akatoka nje badala ya kusema mengine.

Kila asubuhi Jada alichota maji kidogo kwenye kikombe cha kioo, akadondoshea matone ya kile kichupa, akakiinua juani akisubiri. Maji yakigeuka kijani, maana yake sumu bado ipo. Yakiwa manjano, tayari. Wiki ya kwanza kijani. Ya pili kijani kama majani ya muhogo. Maji yenyewe yakawa na ukungu, mawe yakaota utelezi, na sebule ikanuka kama kikapu cha mchuuzi.

Mnisikilize, Kaltumu alikuwa mwanamke ambaye kwenye sufuria zake unaweza kujitazama meno. Kufikia wiki ya tatu mikono ilikuwa ikimwasha. Siku moja Jada alipokwenda Koboko mjini kuziba tyubu, alichukua majivu na gunzi la kusugulia, akafunua mkeka, akalitoa jiwe la kwanza. Jada akatokea mlangoni.

"Usiguse!" Alipiga kelele ambayo hata nyumba ya tatu ilisikia. "Hakuna mtu kugusa mawe haya! Hakuna kuyaosha! Ukiyaosha umeniua!"

Kaltumu alilirudisha jiwe taratibu. Tangu Jada azaliwe hakuwahi kumpigia kelele, na alitaka kumzaba kofi, lakini alimwona machozi yanamlengalenga. Akapeleka majivu yake jikoni.

Mvua ilikuwa ikingojewa mwishoni mwa Machi. Haikuja. Watu walikuwa wamelima, udongo umepinduliwa, mbegu za karanga ziko ndani ya vibuyu, na mbingu ikakaa nyeupe tu kama shuka la hospitali. Wiki ya kwanza ya Aprili ikapita. Siku ya tisa, Drateru, jirani aliyekuwa akiomba moto kwao kila asubuhi, alikuja akasimama mlangoni wala hakuomba moto.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mwambie ndugu yako alegeze kidogo."

"Alegeze nini?"

Drateru alitazama mkeka. "Sisi iko na watoto. Kama nani amemkosea, amwambie huyo mtu. Asifunge wote."

Kaltumu alifungua mdomo kumcheka, na kicheko hakikutoka. Kwa mara ya kwanza aliliona lile sanduku kwa macho ya watu. Babu yao, baba wa Sajini na wa Lukudu, ndiye aliyekuwa mwenye mvua wa Lobule, mwenye kuileta na kuifunga. Mawe yake meusi alikuwa akiyaweka ndani ya chungu cha maji, yamefunikwa, na ole wake atakayeyagusa. Yalipotea wakati wa vita. Na sasa mjukuu amerudi kutoka mbali, ameshuka mtoni peke yake, ameweka mawe meusi ndani ya maji, amefunika, anayahudumia asubuhi na jioni kwa dawa ya matone, anapiga kelele yasiguswe na mtu. Na maji yanapumua. Toba! Hata yeye angeamini.

Alimweleza Jada. Jada akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema ni jambo dogo, atawaelimisha. Laiti angenyamaza! Alikwenda kwenye kisima cha pampu, mahali penye watu wengi, akawaambia kwa Kiswahili safi cha pwani kwamba wasiogope, yale si mawe ya mvua, ni mawe ya kawaida, isipokuwa juu yake kuna viumbe wadogo wasioonekana, maelfu kwa maelfu, ambao yeye anawalisha vitu vilivyooza, na kazi yao ikikamilika kitaingia kiumbe mrefu kama nyoka. Wanawake waliacha madumu yao hapo hapo.

Mzee Lukudu alikuja jioni ile na wanaume wachache wa ukoo. Huswali safu ya kwanza, huyu mzee, na ndevu zake amezitia hina. Alikaa kwenye kiti, akakataa chai, akasema wazi kwamba mvua inatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake na mwenye kuamini mawe ni mshirikina.

"Lakini," alisema.

"Lakini nini, baba mdogo?" aliuliza Kaltumu.

"Lakini kama mawe ya baba yangu imepatikana, ilikuwa mimi ndiyo naambiwa kwanza. Mimi ndiyo mkubwa." Hapo ndipo Kaltumu alipoona donda lilipo. "Ijumaa baada ya swala, ukoo nakuja hapa. Tutatoa hii mawe, tutaosha, tutaanika kwa jua. Akikataa, arudi kule ametoka. Na wewe utamfuata, maana nyumba bila mwanaume haiwezi kukaa hivi hivi."

Dawa hiyo ya kuosha na kuanika aliitunga papo hapo, Kaltumu alimjua. Lakini waliokuja naye waliitikia kwa vichwa kana kwamba wameisikia tangu utotoni.

Ijumaa asubuhi Jada alidondosha matone kwenye kikombe chake, akakiinua, na maji yakabaki manjano. Alirudia mara tatu. Manjano, manjano, manjano. Alimkumbatia Kaltumu akamzungusha, na Kaltumu akamwambia amshushe, mjinga mkubwa, hajui leo siku gani? Kabla hajajibiwa, pikapu ya Ambroise ikaingia uani inapiga honi. Mikunga walikuwa wamefika Arua usiku, siku tatu njiani ndani ya dumu la plastiki. Watano walipakiwa Mombasa, wanne walikuwa hai.

Jada akasahau ukoo, akasahau Lukudu, akasahau kula. Aliwamimina kwenye beseni pamoja na maji yao ya safari, akauchomoa ule mpira wa dripu kwenye tyubu, akatumbukiza ncha moja katika maji ya sanduku, akafyonza ncha ya pili, akaining'iniza juu ya beseni, akabana kigurudumu chake cha kupunguzia maji mpaka maji yakawa yanaanguka tone moja moja.

"Mimina yote mara moja, tumalize," alisema Ambroise, akitazama saa.

"Watakufa. Maji yao na maji yetu si sawa. Lazima wazoee tone kwa tone, saa mbili, tatu."

"Ah! Kama siye wakimbizi," Ambroise alisema kwa uchungu mkubwa, akavua kofia.

"Hapana," alisema Jada. "Ni samaki tu. Shika beseni lisiyumbe."

Lakini Ambroise hakutaka kushika kitu chenye kuuma, kwa hiyo beseni lilishikwa na Kaltumu. Alikaa sakafuni miguu ameinyoosha, beseni mapajani, akiwatazama. Walikuwa wabaya, haki ya Mungu. Unene wa kidole gumba, urefu wa mkono, rangi ya kahawia yenye madoa ya manjano, midomo wazi muda wote. Mwanzoni walilala pembeni kama kamba zilizotupwa. Saa ya pili mmoja akainua kichwa, akazunguka beseni zima, na mgongo wake ukagusa kidole cha Kaltumu. Kaltumu hakukitoa.

"Mawe ikioshwa leo?" aliuliza bila kumtazama Jada.

"Mpaka Jumapili wamekufa wote."

"Halafu wewe?"

Jada alirekebisha kigurudumu. "Nitarudi Mombasa, dada. Hapa nitafanya nini? Sijui kulima. Nilijaribu juzi, umeona."

Alikuwa ameona. Alikata mihogo mitatu na kidole chake mwenyewe.

Saa nane Jada aliwatoa kwa kitambaa, mmoja mmoja, akawaingiza ndani ya kioo, na maji yale ya safari akayamwaga nje. Mikunga walipotea kati ya mawe kabla hujasema lo. Ukitazama ungeona mawe tu, na mapovu. Jada akarudisha mkeka. Nje, ukoo ulikuwa ukiingia.

Walikuja wengi kuliko walioitwa. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake madirishani, watoto juu ya pikapu ya Ambroise, naye Ambroise mwenyewe alikuwa amejifungia ndani yake. Mzee Lukudu alisoma dua fupi, akakunja mkono wa kanzu.

"Baba mdogo, usitie mkono," alisema Jada. "Kuna samaki."

"Wapi samaki?"

Kila mtu aliinama. Hakuna samaki.

"Naogopesha watu wazima," alisema Lukudu, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akalishika jiwe kubwa kuliko yote.

Mlio alioutoa mzee wa safu ya kwanza siwezi kuuandika. Mkono ulitoka na mkunga amening'inia kwenye kidole cha shahada, akajirusha, akaachia, akarudi majini na kupotea. Kwa waliokuwa nyuma, walichoona ni jiwe limemng'ata mzee. Mlango ulikuwa mmoja na wote walitaka kupita sawia. Drateru alianguka kutoka dirishani na kuondoka na fremu. Walipojipanga tena uani, hofu yao ilikuwa imeshageuka hasira, na mtu mmoja alikuwa ameshika mchi wa kinu.

"Vunja!" wakasema, wakirudi ndani. "Vunja hiyo kitu! Na huyu mtu atoke leo leo!"

Jada alisimama mbele ya sanduku, mikono ameitandaza, na bado, mpumbavu wa Mungu, alikuwa akiwaeleza habari za vijidudu. Mwenye mchi alimsukuma kifuani. Kaltumu akamwona nduguye anayumba, akaona kwa macho yake mawili gunia linafungwa, mgongo unaondoka barabarani, na miaka mingine kumi na miwili. Moyo wake ukasema hapana.

"Kimya!"

Ilikuwa sauti ya Sajini. Mchi ulibaki hewani.

"Mnamwonea bure," alisema. "Mvua haiko kwa mawe. Huyu amejua nini ya mvua? Huyu hata muhogo imemshinda. Ile mawe iko ya samaki. Mvua iko na mimi."

Lukudu aliacha kunyonya kidole.

"Baba alipokufa kule Sudan, aliniachia. Hapa." Akajipiga kifuani. "Aliniachia mwanamke, kwa sababu nani mwanaume alikuwa pale? Wewe, baba mdogo, ulikuwa? Nani alimfunga sanda? Nani alichimba? Semeni!"

Kila mmoja alijua nani alichimba. Lilikuwa ni jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umelionea haya kwa miaka bila kulitaja, na sasa limewekwa uani mchana kweupe.

"Basi," alisema Lukudu mwishowe, sauti imemnywea, "kama iko na wewe... lini?"

"Jumatano." Lilimtoka tu.

"Na kama Jumatano haikunyesha?"

"Mtanitoa mimi. Yeye atabaki kwa nyumba ya baba yake. Iko mwanaume na hakukosa kitu. Mmesikia wote?"

Walisikia wote. Mchi ukashushwa, na watu wakatoka kwa heshima, wakimpisha.

Walipobaki wawili, Kaltumu alikaa pale pale sakafuni penye maji yaliyomwagika. Jada alimsimamia mbele kwa hasira.

"Umedanganya! Baba hakukuachia kitu!"

"Aliniachia blanketi na kikohozi."

"Sasa kwa nini, dada? Mimi si ningeondoka tu?"

"Kumi na mbili!" alisema Kaltumu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Idd kumi na mbili nakupakulia sahani yako, mbwa wewe! Napakua, naweka, inapoa, nampa mtoto wa jirani. Sitapakua tena chakula ya mtu hayupo. Nimechoka. Utakaa hapa, usikie? Hata mimi nikienda, utakaa."

Jada alikaa karibu naye kwenye maji yale, na Kaltumu akajipenga pua kwa pindo la kanga.

"Wewe uliyesoma," alisema. "Mvua kawaida nakujaga lini?"

"Sijui, dada. Mimi najua samaki."

Jumamosi jua. Jumapili jua. Jumatatu wingu lilitokea upande wa Zaire, kubwa, jeusi, Kaltumu akatoka uani kulipokea, nalo likamwaga mvua yote huko huko kwa Wakongo, wakiliona kabisa, likaisha. Usiku huo alifunga mzigo wake: sufuria mbili, kanga, picha ya baba. Jumanne alasiri alikuwa chooni. Ndiyo, aibu iliyoje, mwenye mvua mwenyewe alikuwa chooni, amechutama, anawaza atalala wapi Jumatano, mabati ya jirani yalipoanza kupigwa. Alidhani ni watoto wanarusha mawe. Alipotoka, alikuta Lobule nzima iko nje inaloa kwa makusudi, na Drateru anacheza huku ameshika fremu ya dirisha aliyokuja kuirudisha.

Ilinyesha siku nne. Mzee Lukudu alikuja na beberu, na bendeji kwenye kidole, akamwita "mama" mbele za watu. Tumbaku yake aliing'oa mwenyewe mpaka kwenye mpaka wa zamani, akasimika vigingi. Kaltumu alimla yule beberu bila haya yoyote, akagawia majirani, akaona dunia ni nzuri.

Mwezi wa tano plasta ya baa ilikauka. Ambroise akaleta pikapu. Jada aliyapakia mawe ndani ya ndoo yakiwa na maji yake yale yale, mikunga wote wanne ndani ya dumu, kioo juu ya majani ya migomba. Hakuna aliyemzuia, mawe yalikuwa ya samaki, mama mwenyewe alishasema. Chumba cha Oli kilikuwa vyumba viwili kwa kweli, na mabomba ya maji nyuma, na Jada alikuwa amemwandalia dada yake kitanda. Angepika pale baa, angeona taa za umeme, angekaa na nduguye jioni wanywe chai kama watu. Kaltumu alivaa viatu. Alipanda mbele, akamwambia Ambroise asogeze tumbo lake, akafunga mlango.

Pikapu ilifika kwenye vigingi vipya vya Lukudu ikasimama. Vijana sita wa ukoo walikuwa barabarani, hawana fimbo, hawana ubaya wowote, kofia wamezivua. Mkubwa wao alikuja dirishani akainama.

"Shikamoo shangazi. Unakwenda wapi?"

"Arua, na ndugu yangu. Nitakuja Ijumaa."

"Yeye aende, hakuna neno." Kijana alitazama mashamba, mahindi yamefika magotini. "Lakini wewe, shangazi... na mvua?"

Kaltumu alimtazama Jada. Jada alikuwa amepakata dumu, na safari hii hakujaribu kueleza chochote. Alinyoosha mkono akaushika wa dada yake, na mikunga wakazunguka ndani ya dumu, na Ambroise akazima injini kwa heshima.

Akashuka. Kijana mmoja alimbebea mzigo, mwingine alimfungulia njia kati ya mahindi. Kuanzia siku ile hapakuwa tena na mtu wa kumtoa Kaltumu kwenye kiwanja cha baba yake. Hata Kaltumu mwenyewe hakuweza.